Gari la zamani si kosa, kosa ni freni inayovuja

Asubuhi, kabla ya kamio la zamani kuondoka Kabimba likiwa limejaa simenti, kuna kazi ndogo inayofanywa bila maneno mengi. Konvwayeri anafungua kifuniko cha mashini, anachungulia kikopo cha mafuta ya freni, anaongeza kidogo, anafunga. Shoferi anakanyaga pedali mara tatu, mara nne, mpaka mguu usikie ugumu. Kisha anasema, "Inashika," na safari inaanza. Hakuna anayeuliza mafuta ya jana yalikwenda wapi.

Swali hilo linapaswa kuulizwa. Mashini ya gari inakula mazuti, na ikichoka inakula hata oili. Freni haili kitu. Ni njia iliyofungwa kutoka kwenye pedali hadi kwenye magurudumu, na mafuta yaliyomo yanapaswa kubaki humo. Kweli, kiasi chake hushuka polepole sana garnitiri zinapoisha, lakini hilo ni jambo la miezi. Gari linalohitaji kuongezewa kila juma, au kila siku, linavuja. Na freni inayovuja haina siku maalum ya kukataa. Mara nyingi inakataa siku ile mguu unapoikanyaga kwa nguvu kuliko siku zote, yaani siku mtoto amekatiza barabara au mteremko umekuwa mrefu kuliko ilivyodhaniwa.

Watu wengi, wakisikia habari za gari lililokosa freni, wanalaumu umri wake. "Ni gari la zamani," wanasema, na mazungumzo yanaishia hapo. Lawama hiyo ni rahisi, na si ya haki. Kwenye ziwa hili hili kuna ushahidi wa kuipinga. Meli ambayo leo inaitwa Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Ikatolewa chini ya maji mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Ikabeba watu na mizigo kwa makumi ya miaka baada ya hapo. Chombo kilicholala chini ya ziwa kwa miaka kadhaa kiliweza kurudi kazini kwa sababu kuna watu walioamua kukifungua, kukisafisha na kubadilisha kilichooza. Umri peke yake haukukihukumu.

Kwa hiyo Land Rover la miaka ya sabini, Toyota ya mzee aliyekwisha kustaafu, au Benz lililorithiwa kutoka kwa baba, si hatari kwa kuwa ni la zamani. Tena magari hayo yana faida ambazo magari mapya hayana. Hayana kompyuta, chuma chake ni kizito, na kijana mwenye funguo chache anaweza kuyafungua na kuyafunga chini ya mwembe. Katika teritware ya Kalemie, ambako barabara inameza gari jipya kwa muda mfupi, mwenye gari la zamani hana haja ya kuona haya. Anachopaswa kukionea haya ni kile kikopo kinachojazwa kila asubuhi.

Inafaa kueleza hatari yenyewe, kwa sababu wengi wanaikanyaga kila siku bila kujua iko wapi. Shoferi anapokanyaga pedali, anasukuma pistoni ndogo ndani ya silinda kubwa, ile ambayo mafundi wanaita metresilinda. Pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanapita katika mirija, yanafika kwenye silinda ndogo za magurudumu, nazo zinasukuma garnitiri zibane tamburi. Yote yanawezekana kwa sababu mafuta hayakubali kubanwa yakapungua. Lakini yakipata tundu, hayasukumi kitu tena, yanatoka nje. Hewa ikiingia mahali pake, nayo inabanwa kama mpira wa kuchezea, na pedali inazama hadi chini bila gurudumu kusikia chochote.

Katika magari mengi ya zamani, magurudumu yote manne yanalishwa na njia moja. Hapo ndipo udhaifu wao mkubwa ulipo. Mrija mmoja ukipasuka nyuma kulia, magurudumu matatu mazima nayo yanakosa freni. Watengenezaji waliliona hilo zamani. Marekani ililazimisha kila gari jipya la abiria, kuanzia tarehe 1 Januari 1968, liwe na njia mbili zilizotenganishwa, ili moja ikifa nyingine ibaki. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya hapo, na mengine mengi yaliyotengenezwa baadaye kwa ajili ya inchi ambazo hazikuwa na sheria kama hiyo, yalibaki na njia moja. Na mengi ya hayo ndiyo yaliyokuja kuzeekea kwetu.

Sasa ongeza mzigo. Kabimba ni mahali pa simenti. Mfuko mmoja una kilo 50. Mifuko 100 ni tani 5, mifuko 200 ni tani 10, na juu ya mifuko mara nyingi wanapanda watu, mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi anayerudi shuleni, mchuuzi na kuku zake. Gari likienda mara mbili ya mwendo wake, nguvu inayotakiwa kulisimamisha haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Katika mteremko, mzigo wenyewe unasukuma kutoka nyuma. Nguvu yote hiyo inageuzwa kuwa moto ndani ya freni.

Historia ya Kalemie yenyewe ina somo juu ya mteremko. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town ili zipigane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Zilipanda reli hadi Fungurume, kisha zikavutwa kupita milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke na makundi ya ng'ombe, hadi zikapata reli na mto, na mwishoni Kalemie, kwenye mdomo wa Lukuga. Kupanda milima kulihitaji nguvu nyingi. Lakini kushuka kulihitaji kitu kingine, kwa maana mashua hizo nzito zilipaswa kuzuiliwa kwa nyuma zisiwatoroke watu waliozivuta. Miaka zaidi ya 100 imepita, na kanuni haijabadilika. Asiye na namna ya kuzuia mzigo asiuanzishe kushuka.

Lakini katika barabara zetu zimezaliwa dawa za njiani, nazo zimezoeleka mpaka zinaitwa ufundi. Zinafaa kutajwa moja moja.

Ya kwanza ni kujaza chochote kinachopatikana. Mafuta ya freni yakikosekana, wengine wanatia maji ya sabuni, wengine oili ya mashini, wengine mafuta ya servo. Jina lenyewe linadanganya. Tunasema "mafuta ya freni", lakini katika karibu magari yote hayo si mafuta kama oili. Ni maji maalum yaliyotengenezwa yasishambulie kaushu za ndani. Oili inafanya kinyume. Inavimbisha kaushu, inazilainisha, na baada ya muda mfupi kila silinda ya gari inavuja, hata zile zilizokuwa nzima. Aliyeweka kikombe kimoja cha oili ili afike jioni, amejinunulia kubadilisha kaushu zote. Maji ya sabuni nayo yanaleta kutu ndani ya silinda, na yanachemka kwenye digrii 100 hivi. Mafuta mapya ya freni ya aina ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205, na ya DOT 4 chini ya digrii 230. Katika mteremko mrefu, tofauti hiyo ndiyo uhai. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inakwenda chini.

Ya pili ni kuziba gurudumu. Silinda ya gurudumu ikivuja, fundi wa njiani anakunja mrija au anaufunga kwa msumari, na gari linaendelea na magurudumu matatu. Kama ni kutoa gari tupu porini hadi garaji iliyo karibu, polepole, mtu anaweza kuelewa. Lakini kuna magari yanayokaa hivyo kwa miezi. Ukiziba gurudumu la mbele kushoto, siku utakayokanyaga kwa nguvu gari litavuta kulia. Barabara ikiwa na matope, litageuka lote. Shoferi anasema usukani umemkataa, kumbe freni ndiyo iliyomgeuza.

Ya tatu ni kufunga mrija kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, au kwa gundi. Msukumo ulio ndani ya mrija huo wakati wa kukanyaga ni mkubwa mara nyingi kuliko upepo wa gurudumu. Kamba ya mpira haiwezi kuuzuia. Inachofanya ni kuficha mvujo macho yasiuone.

Ya nne ni kuchoma garnitiri. Silinda ikivuja ndani ya tamburi, garnitiri inalowa. Wengine wanaiosha kwa esansi, au wanaichoma motoni mpaka moshi uishe, kisha wanairudisha. Kilichoingia ndani ya garnitiri hakitoki chote. Ikipata joto la kazi kinarudi juu, na gurudumu linateleza tena au linashika bila mpango. Garnitiri iliyolowa inatupwa. Na hapa kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: garnitiri nyingi za zamani zilitengenezwa kwa amianti, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Fundi anayepuliza tamburi kwa kompresa, huku mwanafunzi wake ameinama karibu, anawapulizia wote wawili sumu. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji na kupanguswa kwa kitambaa, lisipulizwe kamwe.

Matengenezo ya kweli si muujiza, na hayahitaji garaji ya Lubumbashi. Yanaanza kwa macho. Upande wa ndani wa kila gurudumu uangaliwe kama umelowa. Chini ya pedali, ndani ya kabini, paangaliwe kama pana tone, kwa sababu metresilinda iliyochoka mara nyingi inavujia huko. Flekisibo, ile mirija ya mpira inayokwenda kwenye magurudumu ya mbele, zikunjwe kwa mkono. Zikionyesha nyufa, zimekwisha. Mirija ya chuma iangaliwe hasa mahali inaposuguana na chasi.

Kisha kufungua. Kaushu za silinda zinabadilishwa upande wa kushoto na wa kulia pamoja, hata kama ni upande mmoja tu unaovuja, kwa kuwa zina umri mmoja na zitakufa karibu pamoja. Lakini kabla ya kutia kaushu mpya, fundi apitishe kidole ndani ya silinda. Ikiwa chuma kina mashimo ya kutu, kaushu mpya italiwa haraka na mvujo utarudi. Hapo mwenye gari husema, "Pyesi za siku hizi ni za uongo." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi uongo ulikuwa ndani ya silinda. Silinda yenye mashimo ibadilishwe, au itiwe bomba jipya ndani kwa fundi wa mashini ya kukereza. Kuisugua kwa karatasi ya msasa kwa nguvu kunaipanua tu.

Mrija mpya uwe wa chuma, au wa mchanganyiko wa shaba na nikeli, si shaba tupu ya friji, ambayo inachoka kwa mtetemo na kupasuka. Ncha yake ikunjwe mara mbili kwa chombo chake. Mwishoni hewa itolewe, kwa magari mengi kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na metresilinda, na mafuta yawe mapya, kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya freni yananyonya unyevu wa hewani. Chupa iliyoachwa wazi pwani ya ziwa, msimu wa mvua, haifai tena. DOT 4 yenye unyevu mwingi inaweza kuchemka kwenye digrii 155, na DOT 3 kwenye digrii 140.

Makamio makubwa yenye freni za upepo yana tabia nyingine, lakini dini ni moja. Huko anayevuja ni upepo. Shoferi azime mashini, akanyage, asikilize mlio, aangalie sindano ya kipimo kama inashuka. Na maji ya ndani ya tangi yamwagwe kila siku.

Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kuzungumza juu ya kuboresha. Vijana wengi wanataka kuanzia hapo. Wanataka diski mbele, wanataka servofreni, kwa sababu gari la jirani linasimama kwa kukanyaga kidogo. Ni tamaa nzuri, ila ina mpangilio wake. Servofreni inausaidia mguu, haizibi tundu. Ukiifunga kwenye gari linalovuja, umepata namna nyepesi zaidi ya kumwaga mafuta.

Uboreshaji wa kwanza, ule unaookoa watu wengi zaidi kwa kila franka, ni kubadilisha metresilinda ya njia moja kwa ile ya njia mbili, magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kwa magari mengi ya zamani, pyesi hiyo inaweza kutolewa kwenye gari la aina ile ile la miaka ya baadaye. Siku mrija mmoja utakapopasuka, shoferi atabaki na nusu ya freni. Nusu ni umbali mrefu zaidi wa kusimama, lakini si sawa na sifuri.

Diski zinafuata. Zinapoa haraka kuliko tamburi, zinakauka haraka baada ya kuvuka mto, na zinaonekana zikichakaa. Lakini zichukuliwe kutoka gari lenye uzito unaolingana, pamoja na metresilinda inayolingana nazo. Metresilinda nyingi za tamburi zina vali ndogo inayobakiza msukumo kidogo katika mirija. Ikiachwa ilishe diski, plaketi hazitaachia vizuri, zitasugua njia nzima na kuchemsha mafuta. Aliyeunganisha bila kujua atasema diski ni mbaya.

Hapa wenye magari watajibu, na jibu lao linastahili kusikilizwa. Pyesi ziko mbali, zinaletwa kutoka Lubumbashi au zinavuka ziwa kutoka Kigoma. Za bandia zimejaa. Barabara inavunja leo kilichotengenezwa jana. Safari moja haileti faida kubwa, na gari likikaa garaji siku tatu, watoto wanakaa nyumbani bila malipo ya shule. Yote hayo ni kweli. Lakini hesabu hiyo imekatwa katikati. Haihesabu mifuko 200 ya simenti iliyomwagika mtoni, wala gari lenyewe lililolala ubavu, wala familia zitakazokuja kwenye uwanja wa mwenye gari kuomboleza na kudai. Seti ya kaushu ni moja ya vitu vya bei ndogo kabisa katika gari lote. Gharama kubwa ni siku za kukaa, na siku hizo zinaweza kupangwa kabla, kwa hiari, au zikaja zenyewe kwa nguvu.

Tena mzigo wa uamuzi umewekwa mahali pasipo haki. Shoferi analipwa kwa safari. Akisema, "Leo siondoki, freni inavuja," kesho mwingine atakaa kwenye kiti chake. Ndiyo maana anajaza kikopo na kunyamaza. Konvwayeri, kijana anayekimbia nyuma ya gari na kigogo cha kuzuilia gurudumu mlimani, amegeuzwa kuwa freni ya akiba, kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Jamii inayomwona kijana huyo kila siku na kucheka ujasiri wake inapaswa kujiuliza inamchekea nini.

Serikali nayo haiwezi kukaa pembeni. Kodi ya barabara ya Congo, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inadai gari lenye freni zinazofanya kazi, si karatasi peke yake. Lakini kila msafiri anajua kizuizi cha barabarani kinaomba nini. Kinaomba hati, na baada ya hati kinaomba kitu kingine. Askari anayesoma karatasi tatu hainami hata mara moja kuangalia upande wa ndani wa gurudumu, ingawa kuinama ni bure na kunachukua dakika moja.

Mambo manne yanaweza kuanza Kabimba bila kungoja Kinshasa. Kila gari liwe na daftari dogo, na kila tone la mafuta ya freni linaloongezwa liandikwe humo na tarehe yake; likiongezwa mara mbili katika mwezi mmoja, gari linakwenda garaji kabla ya mzigo mwingine. Mahali pa kupakia simenti, kabla ya mfuko wa kwanza kupanda, shoferi akanyage pedali kwa nguvu dakika nzima mbele ya anayepakia. Ikizama, gari halipakiwi. Mwenye mali ndiye mwenye sauti kuliko wote hapa, kwa kuwa anayekataa kumpa gari mzigo anasikilizwa kuliko anayehubiri. Tatu, mafundi na wenye magari wa aina moja waagize pyesi pamoja, kwa vipimo vilivyoandikwa, ili safari moja ya mtumbwi au ya treni ilete kaushu na flekisibo za magari kumi. Nne, gari lolote ambalo freni zake hazijapimwa lisipandishe mtu juu ya mzigo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka gari jipya. Magari ya zamani ya Kabimba yamejenga nyumba, yamefikisha wagonjwa hospitali, yamesomesha watoto. Yanastahili kuendelea. Kesho asubuhi, konvwayeri atakapofungua kifuniko na kukuta kikopo kimepungua, asiongeze kwanza. Amwite shoferi, shoferi amwite mwenye gari, na wote watatu watafute mafuta ya jana yalikotokea.